Mbwa wetu aliacha kunguruma, kisha akauma

Daktari, pokea salamu zangu.

Ninakuandikia nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Tuna mbwa dume aitwaye Shaba, mwenye umri wa miaka 7, tuliyemlea tangu alipokuwa mtoto wa miezi 2. Alikuwepo kabla binti yetu hajazaliwa, na kwa miaka yote hiyo alikuwa mpole kiasi kwamba mtoto alijifunza kusimama kwa kushika manyoya yake.

Mambo yalianza kubadilika miezi mitano hivi iliyopita. Kwanza alianza kunguruma mtu akipita karibu na bakuli lake la chakula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Baadaye akawa ananguruma hata akiwa amelala tu kwenye mkeka wake, hasa watoto wanapopita mbio karibu naye. Mume wangu alisema kwamba mbwa huyu ameanza kujiona mkubwa wa nyumba, na asipoonyeshwa mapema ni nani mwenye mamlaka, atatushinda. Kila aliponguruma alichapwa fimbo, na mara mbili mume wangu alimlaza chini kwa nguvu akambana shingo mpaka alipotulia. Sikuipenda njia hiyo, lakini nilinyamaza kwa sababu ilionekana kusaidia: baada ya wiki tatu Shaba aliacha kabisa kunguruma, nasi tukaamini kwamba amerekebika.

Siku 4 zilizopita mpwa wangu tunayeishi naye, mwenye umri wa miaka 11, alitaka kumwondoa Shaba mkekani ili afagie. Alimshika kiunoni kwa nyuma na kumsukuma. Bila sauti yoyote, Shaba aligeuka akamuuma mkono, akauachia papo hapo na kwenda kujificha chini ya meza. Mkono umebaki na matundu mawili madogo. Tuliuosha kwa maji, tukaupaka dawa ya vidonda, na kwa kuwa damu ilikuwa kidogo hatukumpeleka hospitali. Shaba alichanjwa alipokuwa mdogo, lakini cheti chake kimepotea, wala sikumbuki chanjo ya mwisho ilikuwa lini.

Labda niongeze kwamba siku hizi amekuwa mvivu. Asubuhi huchukua muda kuinuka, na ngazi za barazani ambazo alikuwa akiziruka, sasa anazipanda moja moja. Nadhani ni umri tu.

Mume wangu anataka tumfunge mnyororo nyuma ya nyumba au tumpe mtu anayehitaji mbwa wa ulinzi, na ndugu wengine wanasema mbwa aliyeonja damu ya binadamu hafai tena kuishi na watu. Binti yangu analia, ananiuliza kama Shaba ametuchukia. Je, tumfanye nini? Na je, mbwa akishauma anaweza kurudi kama alivyokuwa?

Mama Mwenye Hofu

*

Mama, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla sijasema neno juu ya Shaba nakuomba umpeleke mpwa wako hospitali leo hii. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama aliyeambukizwa, na mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, karibu hakuna anayepona. Udogo wa matundu hauna maana yoyote katika jambo hili, kwa sababu virusi havihitaji jeraha kubwa ili vipenye. Kinga ipo na inafanya kazi vizuri, ilimradi itolewe kabla ya dalili kutokea, kwa hiyo kupita kwa siku 4 kusikufanye uone kwamba umechelewa, kukufanye uharakishe. Mweleze daktari kwamba chanjo ya mbwa haijulikani, umwonyeshe mkono, naye ataamua kuhusu kinga ya kichaa cha mbwa na ile ya pepopunda. Na kwa siku za mbele mjue kwamba jeraha la kuumwa na mnyama huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, muda ambao ni mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani, kisha hupakwa dawa ya kuua vijidudu.

Kwa sababu hiyohiyo Shaba asiuawe wala asiondolewe nyumbani sasa. Mbwa aliyeuma huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10 tangu siku aliyouma, na akibaki mzima muda wote huo, tunajua kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku ile. Akianza kudondosha mate, kushindwa kumeza, kuyumba au kulegea taya, mjulisheni daktari wa mifugo mara moja, wala msimguse. Matibabu ya mtoto lakini hayasubiri siku hizo ziishe. Uangalizi ukiisha salama, Shaba achanjwe na cheti kihifadhiwe.

Sasa nimgeukie mbwa mwenyewe. Aya fupi uliyoiandika kama nyongeza, ile ya uvivu na ngazi za barazani, ndiyo iliyonieleza mengi kuliko nyingine zote. Mbwa aliyeishi na watu kwa upole miaka 7, kisha akabadilika ndani ya miezi michache, hajaamka siku moja akatamani utawala. Swali la kwanza ambalo daktari yeyote makini hujiuliza juu ya mbwa wa namna hiyo ni mahali gani panamuuma. Kuchelewa kuinuka asubuhi na kuogopa ngazi ni dalili zinazoonekana mara nyingi kwa mbwa wenye maumivu ya nyonga, magoti au uti wa mgongo, na mpwa wako alimshika kiunoni akamsukuma, yaani huenda aliweka mkono penye maumivu yenyewe. Hata kule kunguruma watoto wanapopita mbio kunaeleweka tukikutazama hivyo, kwa kuwa mnyama anayejua kwamba akigongwa ataumia huwaonya wanaokuja kwa kasi kabla hawajamfikia. Habari ya bakuli inaweza kuwa na chanzo hichohicho, au ikatoka kwenye jino bovu. Masikio yenye usaha, macho yanayofifia na tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu navyo huweza kumfanya mbwa mpole awe mkali, na mbwa asiyesikia vizuri hushtuka akiguswa kwa nyuma.

Usitegemee kumsikia akilia. Mbwa wengi huvumilia maumivu ya muda mrefu kimya kimya, wakaendelea kula na kutikisa mkia, na mwenye mbwa hudhani ni uzee au uvivu. Mpige picha za video kwa simu akiinuka asubuhi na akipanda ngazi, kwa sababu akifika mbele ya daktari, hofu ya mahali pageni humfanya atembee kana kwamba hana tatizo. Daktari akitilia shaka maumivu ambayo hayaonekani wazi, anaweza kumpa dawa ya kutuliza maumivu kwa wiki kadhaa ili kuona kama tabia nayo itabadilika. Ninakusihi usimpe wewe mwenyewe dawa za binadamu zilizopo nyumbani, kwani ibuprofeni huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake, na parasetamoli nayo huweza kumdhuru vibaya.

Kuhusu kunguruma, nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo nyumba yenu ilipoingia katika hatari bila kujua. Mbwa hana maneno, lakini ana ngazi ndefu ya maonyo kabla ya kufikia meno. Kwanza hugeuza kichwa pembeni, hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi. Asipoeleweka, mwili wake hukakamaa, huganda pale alipo, na weupe wa jicho huonekana anapokutazama bila kugeuza kichwa. Ndipo hunguruma, kisha huonyesha meno, kisha hung'ata hewani kwa makusudi ili akukose, na mwisho huuma. Mkia unaotikisika hautoshi kukuhakikishia usalama, kwa kuwa mkia uliosimama wima na kutikisika kwa haraka huku mwili ukiwa mgumu ni dalili ya mbwa aliyefadhaika. Watoto wadogo hawazioni ngazi za chini kabisa, na watu wazima wengi pia hawazioni. Ngurumo ndiyo onyo ambalo kila mtu hulisikia, hata akiwa hajui lolote kuhusu mbwa.

Mlipomchapa Shaba kwa kunguruma hamkumfundisha kwamba mikono ya watu ni salama. Alijifunza kwamba kusema kunaleta fimbo, basi akaacha kusema. Maumivu yalibaki, hofu ilibaki, na juu yake ikaongezeka nyingine, kwa sababu kila mtoto aliposogea, Shaba alinguruma, na aliponguruma kipigo kilifuata. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mtaalamu wa Urusi Ivan Pavlov alionyesha kwamba mbwa huunganisha mambo yanayofuatana mpaka la kwanza likamletea mwilini hisia za la pili. Kwa mbwa wenu, hatua za mtoto zimekuwa habari ya fimbo inayokuja. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nanyi mliyafukuza mawingu mkaiacha mvua. Ndiyo maana aliuma "bila sauti yoyote", kama ulivyoandika. Tangu leo, Shaba akinguruma, yeyote aliye karibu asimame, arudi nyuma polepole, na asimkemee. Ngurumo ikirejea katika wiki zijazo, msiione kama kurudi nyuma, kwa kuwa mtakuwa mmerudishiwa onyo lenu.

Simlaumu mumeo, kwani alifuata fundisho lililoenea dunia nzima. Wazo la mbwa anayepigania ukubwa lilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa Rudolf Schenkel, alioutoa mwaka 1947, juu ya mbwa mwitu (wale waitwao "wolf" kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyechangia sana kulieneza wazo hilo, aliwafuatilia baadaye mbwa mwitu walio huru katika Aktiki ya Kanada, yaani kaskazini ya mbali yenye baridi kali, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi lao ni familia, yaani baba, mama na watoto wao, ambamo wazazi huongoza bila kupigania cheo. Yeye mwenyewe alilisahihisha jambo alilosaidia kulieneza, na msomee mumeo sehemu hii, kwa sababu hakuna aibu kwa mtu wa kawaida kufanya kile alichofanya mtaalamu. Kumlaza mbwa chini na kumbana shingo ni hatari pia kwa anayefanya hivyo, kwani uso wake huwa karibu kabisa na meno ya mnyama anayeamini kwamba anauawa.

Madai ya damu nayo hayana msingi. Damu haimgeuzi mbwa kuwa mla watu. Kilicho cha kweli, na ambacho sitakuficha, ni kwamba Shaba aliuma na mkono ukaondoka, hivyo amejifunza kwamba meno humpatia nafasi pale ambapo ishara nyingine zilishindwa. Kila mara atakapofanikiwa hivyo, njia hiyo itakuwa nyepesi zaidi kwake. Daktari wa mifugo Ian Dunbar aliweka vipimo vya ukali wa kuuma katika ngazi 6, kuanzia kung'ata hewani hadi kuua, na jeraha lenye matundu machache yasiyo na kina huwa katika ngazi ya tatu. Si jambo dogo, lakini ni tofauti sana na mbwa anayeng'ang'ania, kutikisa kichwa na kurudia. Mbwa wenu aliachia na kukimbilia chini ya meza, na mbwa anayetaka vita hakimbilii chini ya meza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya mafunzo, ni kupanga nyumba ili asipate tena sababu ya kuuma. Mkeka wake uhamishwe kutoka mahali pa kupita watu uwekwe kwenye kona tulivu, au chumba chenye kilango kifupi ambacho watoto hawatavuka. Ale peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, na bakuli liondolewe akiwa ameshatoka. Asipewe mifupa kwa sasa. Mtoto asiachwe na Shaba hata kwa dakika moja bila mtu mzima anayewatazama kweli, asiyeshughulika na simu wala jiko, na mtu mzima akitoka, mmoja wao atoke naye. Watoto wote wawili wafundishwe kwamba mbwa aliyelala au anayekula hafuatwi; huitwa kwa mbali, na asipokuja huachwa. Kama sakafu yenu inateleza, tandika mazulia au mikeka anapopita, kwa sababu kuteleza humuumiza mwenye nyonga mbovu na kumtia wasiwasi siku nzima.

Kwa safari ya kwa daktari atahitaji kifuniko cha mdomo. Tafuta kile chenye umbo la kikapu, kinachomruhusu kuhema mdomo ukiwa wazi na kunywa maji, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kile cha kitambaa kinachobana mdomo hakifai kwa zaidi ya dakika chache. Mzoeshe nyumbani kabla ya safari kwa kuweka kipande cha nyama ndani yake na kumwacha aingize pua kwa hiari, mara nyingi, kabla hujafunga mkanda. Kisiwe adhabu wala vazi la kutwa.

Mnyororo ninaupinga kwa nguvu zote. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia kitu kinachomtisha, kwa hiyo hubakiwa na meno tu, na mtoto akiingia ndani ya urefu wa mnyororo huo hakuna atakayekuwa karibu kumwokoa. Viungo vinavyouma navyo havitapona juu ya ardhi ngumu.

Maumivu yakishashughulikiwa, ndipo mtakapoanza kubadilisha anachokihisi watu wanapomkaribia. Anza wewe, si mtoto. Akiwa mkekani, pita kwa mbali, pale ambapo bado amelegea mwili na hajaacha alichokuwa akifanya, umrushie kipande cha nyama anayoipenda sana, kisha uende zako. Usisimame kumtazama, usimsemeshe sana. Rudia mara tano au sita, upumzike hadi jioni. Baada ya siku kadhaa utamwona akikuona tu anainua kichwa kwa matarajio, uso ukiwa mlegevu. Hapo punguza hatua moja, wala usizidishe. Akikakamaa au akiacha kula, ujue umesogea kupita uwezo wake, hivyo rudi ulipokuwa. Njia ni ileile kwa bakuli: unapita mbali, unarusha kitu kitamu kuliko kilichomo, unaondoka. Yapo mashauri ya kumzoesha mbwa kwa kuingiza mkono bakulini anapokula. Msiyafuate, kwani mara nyingi humfundisha mbwa kwamba mashaka yake yalikuwa ya haki. Na anapotakiwa kuondoka mkekani, asisukumwe tena. Aitwe, kipande kirushwe sakafuni hatua chache mbele, naye ainuke kwa miguu yake na kwa kasi ambayo mwili wake unaweza.

Mumeo ana kazi ya peke yake, na nadhani ndiyo ngumu kuliko zote. Akae chini upande mmoja wa chumba, ubavu ukiwa umemwelekea mbwa, asimkazie macho, awe anarusha vipande vya chakula kimya kimya bila kumwita wala kumgusa, hata kama Shaba hatasogea kwa siku nyingi. Mbwa ndiye achague siku ya kusogea. Mumeo akiivumilia kazi hiyo, atapata zaidi ya alichokuwa akikitafuta kwa fimbo.

Kumhasi hakutasaidia sana hapa. Kunaweza kupunguza kutangatanga na ugomvi na madume wengine, lakini hakuondoi maumivu wala hofu. Zipo pia dawa za kupunguza wasiwasi ambazo daktari huziandika pale hofu inapokuwa kubwa mno kiasi cha mbwa kushindwa kujifunza, nazo hutumika pamoja na mafunzo.

Umeuliza kama anaweza kurudi kama alivyokuwa. Naamini anaweza kuwa mtulivu tena, na mbwa wengi wenye maumivu ya viungo hubadilika sana wakitibiwa, lakini utaratibu wa mlango, bakuli na usimamizi wa watoto uendelee maisha yake yote. Kumpa mtu wa ulinzi ni kumpeleka mnyama mwenye maumivu na hofu mahali ambapo ukali wake utasifiwa, na huenda kuna watoto huko pia. Ikiwa hali ya nyumba yenu hairuhusu kabisa utaratibu huu, atafutiwe watu wazima wasio na watoto, nao waelezwe kila kitu, pamoja na siku aliyouma na jinsi alivyouma. Na ikiwa baada ya matibabu ya kweli maumivu hayatulizwi, au ataendelea kuuma licha ya juhudi hizi, daktari atazungumza nanyi kuhusu kumlaza usingizi wa mwisho bila mateso. Hilo likifika, lifanyike kwa mkono wa daktari, mmoja wenu akiwa kando yake. Leo hamjafika hapo, kwa kuwa hata hajapimwa.

Mwambie binti yako kwamba Shaba hajawachukia, ila kuna mahali panamuuma naye hakuwa na namna ya kulisema akaeleweka. Anaweza kukusaidia kukata nyama vipande vidogo vya mazoezi, na siku daktari atakaporidhika, arushe kimoja mwenyewe akiwa nyuma ya kilango, mkono wako ukiwa begani mwake.